Sauti ya Mnara Inapokosea: Rubani Auliza Afanye Nini

SWALI

Mhariri, assalaam alaykum. Mimi ni rubani wa ndege za kukodi na makao yangu ni Mombasa. Kazi yangu kubwa ni kupeleka watalii mbugani na kuwarejesha pwani, na mara nyingine kuchukua mgonjwa kutoka visiwani. Ndege ninayorusha ni Cessna Caravan, ambayo kwa uzito wake na idadi ya viti vyake hailazimiki kufungwa mtambo wa kuzuia ndege kugongana angani, na yetu haina mtambo huo. Kwa hiyo tegemeo langu ni macho yangu, redio, na yule aliye mnarani.

Kuna kiwanja kimoja katika ukanda wetu ambacho sitakitaja, wala sitaitaja nchi kilipo, kwa kuwa nia yangu si kumwaibisha mtu. Kwa muda sasa huduma ya kuongoza ndege kiwanjani hapo imekuwa ikinikosesha raha. Alasiri moja nilipewa kibali cha kushuka hadi futi 8,000. Kabla sijafika, nikamsikia rubani mwingine aliyekuwa ameruka punde akipewa kibali cha kupanda hadi futi hizo hizo 8,000, naye alikuwa akija upande wangu. Aliyarudia maagizo yake sawasawa, na mwongozaji hakusema neno. Nikabonyeza redio nikauliza kama kuna ndege nyingine inayokuja kwenye kimo changu. Pakawa kimya, kisha sauti ile ile ikamwambia mwenzangu asimame kwenye futi 7,000. Tulipishana ndani ya mawingu na sikumwona. Hayakutolewa maelezo yoyote, na kazi ikaendelea kana kwamba hakuna lililotokea.

Si hilo tu. Wakati wa jioni, ndege ndogo zinapokimbilia kutua kabla ya giza huku ndege kubwa nazo zikiingia, mara nyingi husikika mtu mmoja akihudumia peke yake ndege zilizo angani, zinazotua na zinazotembea uwanjani. Marubani hukosea kurudia maagizo na hawasahihishwi. Kuna siku kibali cha ndege moja kilichukuliwa na nyingine kwa sababu herufi za mwisho za majina yao zinafanana.

Nilipomweleza nahodha mmoja mkongwe kazini kwetu, alinishauri nisitafute maneno na watu wa mnara, kwa kuwa kesho nitawahitaji, na anayewachongea ataachwa akizunguka angani hadi mafuta yampungukie. Tena kijana aliyekuwa zamu siku ile namfahamu kwa sauti, na nasikia ana familia inayomtegemea. Je, niripoti au ninyamaze? Nikiripoti, nipeleke wapi, na nisemeje? Je, nitamkatia mtu riziki?

Rubani, Changamwe

JIBU

Waalaykum salaam, Kapteni. Tukio hilo la futi 8,000 lilistahili kuandikwa siku ile ile, na kama hukuliandika, liandike leo kabla hujalala. Naanza na hili kwa sababu ushauri wa nahodha wako, hata kama ameutoa kwa wema na kwa kukuhurumia, siukubali hata kidogo.

Tulitazame kwanza tukio lenyewe. Ndege mbili zinazoongozwa kwa vyombo hutenganishwa ama kwa kimo au kwa umbali, na kwa kimo kiwango cha kawaida ni futi 1,000. Mahali penye rada, mwongozaji huziona ndege zote mbili kwenye kioo na mara nyingi mtambo wenyewe humpigia kengele njia zao zinapoelekea kukutana. Pasipo na rada, au pale rada isipofika, picha yote imo kichwani mwake na kwenye vikaratasi vilivyopangwa mbele yake, kila ndege na karatasi yake, na juu yake ameandika jina la ndege, saa na kimo alichokipa. Akisahau kuandika 8,000 kwenye karatasi yako, au akiandika kisha simu ikalia na jicho lake likaruka mstari, basi kwa upande wake kimo hicho ni kitupu, naye atampa mwingine kwa moyo mweupe. Rubani yule mwingine hawezi kumsahihisha, maana amerudia kwa usahihi kabisa maagizo yaliyokosewa. Kinachobaki ni rubani wa pili aliye kwenye masafa hayo hayo, anayesikiliza yasiyomhusu na kuyalinganisha na yake. Siku ile rubani huyo alikuwa wewe.

Nakupongeza pia kwa namna ulivyosema. Uliuliza swali fupi linalojibika, hukumlaumu mtu redioni, na kwa hiyo alipata nafasi ya kutazama vikaratasi vyake badala ya kujitetea. Hata hivyo, kama jibu lingechelewa, ulikuwa na haki ya kwenda mbele zaidi: kusema kwamba huwezi kuendelea kushuka, kwamba unasimama kwenye futi 9,000, na kutaja sababu. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, zinampa rubani anayeongoza ndege uamuzi wa mwisho juu ya ndege yake. Kibali cha mnara hakimwondolei jukumu hilo, na lugha rasmi ya redio ina neno lake la kukataa kibali, ambalo kulitumia si utovu wa adabu.

Hapa pana jambo ambalo sisi watu wa pwani tunahitaji kuambizana. Tumelelewa kuzungumza kwa staha, kuomba kwa mafumbo, na kutomkatiza mkubwa. Barazani tabia hiyo ni pambo, lakini redioni inaweza kuua. Tarehe 25 Januari 1990, ndege ya Avianca iliyotoka Colombia ilizungushwa angani kwa zaidi ya saa moja ikisubiri zamu ya kutua New York katika hali mbaya ya hewa. Marubani waliwaambia waongozaji kwamba mafuta yanapungua na kwamba wanaomba kutangulizwa, lakini hawakutamka maneno rasmi ya kutangaza hatari, na waongozaji, wakiwa na foleni ndefu ya ndege, hawakuelewa ukubwa wa jambo. Injini zilizima kwa kukosa mafuta ndege ikaanguka Cove Neck, na watu 73 kati ya 158 wakafa. Kwa hiyo hofu ya nahodha wako kwamba mtu anaweza kuachwa akizunguka hadi mafuta yaishe ina jibu lake: rubani anayeona kwamba atatua na mafuta pungufu ya akiba ya mwisho hutangaza Mayday, naye akishatangaza, hakuna mwongozaji anayeweza kumwacha akizunguka. Kinga yako ni kusema kwa maneno yaliyowekwa. Ukimya wako haukukingi.

Sasa nikueleze kwa nini nasisitiza kuandika. Tarehe 1 Desemba 1974, ndege ya TWA, safari nambari 514, aina ya Boeing 727, ilikuwa ikielekea Washington ikaelekezwa kwenye kiwanja cha Dulles kwa sababu ya upepo mkali. Ikiwa bado mbali na kiwanja, mwongozaji aliipa kibali cha kukaribia na kutua. Nahodha alielewa kwamba kibali hicho kinamruhusu kushuka mara moja hadi futi 1,800, na mwongozaji kwa upande wake alichukulia kwamba rubani ndiye atakayejua wapi pa kushuka. Katikati ya dhana hizo mbili ulikuwapo mlima, Mount Weather, katika jimbo la Virginia. Ndege iliugonga na watu wote 92 waliokuwamo wakafa. Hata wachunguzi waligawanyika, wengine wakaona kosa la msingi ni la marubani na wengine wakaona mwongozaji hakutimiza wajibu wake.

Ila lililowaumiza zaidi waliolichunguza jambo hilo ni kwamba majuma sita hivi kabla ya ajali, marubani wa shirika jingine, United, walipewa kibali cha namna hiyo hiyo kuelekea kiwanja hicho hicho, wakakielewa vivyo hivyo, na nusura wauvae mlima huo huo. Walisalimika, wakatoa taarifa ndani ya shirika lao, na marubani wenzao wa United wakatahadharishwa. Marubani wa TWA hawakupata habari hiyo. Palikuwa hapana mlango ambao onyo la nyumba moja lingepitia kufika nyumba ya pili. Kutokana na msiba huo, mwaka 1976 Marekani ilianzisha mfumo wa taarifa za siri za usalama wa anga, na usimamizi wake ukakabidhiwa shirika la anga za juu la NASA, ambalo halitoi leseni wala halimfungii mtu kazi, ili rubani au mwongozaji aandike bila kuogopa mkono wa anayemsimamia. Uingereza ilianzisha wake mwaka 1982. Leo Kiambatisho cha 19 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa ulioiunda ICAO, kinaitaka kila nchi mwanachama iwe na mifumo miwili: mmoja wa lazima kwa matukio yaliyoainishwa, na mwingine wa hiari kwa yale ambayo mtu anaona yanafaa kujulikana.

Kapteni, umesema kwamba kazi iliendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Ukinyamaza, rasmi litakuwa halikutokea kweli. Mkuu wa kiwanja kile atahesabu mwaka mwingine wa salama, mhasibu atasema watumishi waliopo wanatosha, na kijana yule ataendelea kukaa peke yake jioni mbele ya vikaratasi vingi kuliko macho yake.

Kuhusu mahali pa kupeleka: anza na ofisi ya usalama ya kampuni yako, ambayo kwa kanuni inapaswa kuwapo na kuwa na fomu. Nakala iende kwa mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi ambamo tukio lilitokea, na nyingine kwa mamlaka iliyokupa leseni. Ndege zikikaribiana kiasi cha kulazimisha mmoja akwepe ili zisigongane, hilo ni tukio zito kwa mujibu wa Kiambatisho cha 13, na kwa hapa Kenya hushughulikiwa na idara ya uchunguzi wa ajali za ndege iliyo chini ya wizara ya uchukuzi. Kampuni yako ikikuzuia usiandike, mlango wa taarifa za hiari uko wazi kwako binafsi. Na linapotokea jambo kama hilo tena, mwambie mwongozaji pale pale redioni, kwa utulivu, kwamba utaliripoti, ili naye ajue kuweka alama ya saa kwenye kumbukumbu zake.

Usichelewe. Kanuni za kimataifa zinataka mazungumzo ya redio kati ya mnara na ndege yahifadhiwe kwa siku zisizopungua 30, na baada ya hapo kituo kinaweza kuyafuta kihalali. Kinasa sauti cha ndani ya ndege, kwa ndege zilizo nacho, mara nyingi huhifadhi saa mbili za mwisho tu. Ukiandika baada ya miezi miwili, utakuwa ni wewe na kumbukumbu yako dhidi ya yeye na kumbukumbu yake, na hapo hakuna anayejifunza chochote.

Kwa namna ya kuandika, taja yaliyosemwa na yaliyotendeka, kwa mpangilio, bila kumpa mtu sifa wala lawama. Usiandike kwamba mwongozaji alikuwa mzembe, kwa kuwa hukuwa mnarani na hilo hulijui. Andika kwamba ulipewa futi 8,000, kwamba baada ya muda fulani ulisikia ndege fulani ikipewa futi 8,000, kwamba uliuliza, na kwamba ndege ile ikasimamishwa futi 7,000. Ongeza ulipokuwa, hali ya mawingu, na masafa ya redio. Na tafadhali uwe mwangalifu sana na saa. Sisi tuna saa tatu mikononi: ya Kiswahili, ya Afrika Mashariki, na ile ya dunia, UTC, inayotumiwa angani. Tukio la saa nane na dakika tano mchana ni saa 14:05 kwenye saa ya ukutani na ni saa 11:05 UTC, na mtu wetu akiisoma 11:05 kwa haraka anaweza kudhani ni saa kumi na moja jioni. Nimekwisha kuona taarifa nzuri ikikwama kwa sababu kanda iliyosikilizwa ilikuwa ya saa nyingine kabisa, ikarudi na jibu kwamba hakuna kilichopatikana. Andika UTC, na utamke wazi kwamba ni UTC.

Sasa swali lako la riziki, ambalo naliheshimu kuliko yote. Mtu akimhofia mwenzake asije akafukuzwa kwa ajili ya kalamu yake, huo ni utu, na mfumo usiojali hofu hiyo hautapata taarifa hata moja. Kiambatisho cha 13 chenyewe kinasema lengo pekee la uchunguzi ni kuzuia ajali, na kwamba si kazi yake kugawa lawama. Mtu aliyekosea kwa uaminifu, akifanya kama alivyofundishwa, hutakiwa kusaidiwa na kufundishwa upya. Mtu aliyelewa kazini, aliyeacha kituo chake, au aliyepuuza kanuni kwa makusudi, huyo hesabu yake ni nyingine.

Sitakudanganya kwamba dunia nzima inafuata hivyo. Tarehe 31 Januari 2001, katika anga ya Japani, mwongozaji aliyekuwa bado mafunzoni alikusudia kuishusha safari nambari 958 ya Japan Airlines, ulimi ukataja 907, na majina hayo mawili, kama hayo ya kiwanjani kwako, yalishabihiana. Ndege hizo zilibeba jumla ya watu 677. Mitambo ya kuzuia migongano ililia, rubani wa 907 akafuata sauti ya mnara badala ya mtambo, na ndege zikapishana kwa umbali mdogo mno. Watu wapatao mia moja walijeruhiwa. Mwongozaji huyo na aliyekuwa akimsimamia walishtakiwa kwa jinai, na mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Japani ikathibitisha hatia yao. Waongozaji wengi duniani waliipokea hukumu hiyo kwa huzuni, na mimi naungana nao, kwa kuwa swali la kwa nini safari mbili za shirika moja ziitwe kwa majina ya kuchanganya na ziwe angani kwa wakati mmoja halijibiwi kwa kumhukumu aliyeteleza ulimi.

Japani iliiomba ICAO itoe mwongozo wa wazi juu ya lipi lifuatwe, mtambo au mnara. Jambo hilo halikuwa limekamilika usiku wa tarehe 1 Julai 2002, ndege mbili zilipogongana juu ya Überlingen, Ujerumani, katika anga iliyoongozwa kutoka Zurich, na watu 71 wakafa, wengi wao watoto wa shule. Mwongozaji alimwamuru rubani wa Tupolev, mojawapo ya ndege hizo, ashuke. Mtambo ukamwambia apande. Akamtii mwongozaji, na Boeing iliyokuwa mbele yake nayo ikawa inashuka kwa kuutii mtambo wake. Tangu hapo kanuni haina utata: mtambo ukitoa amri, fuata mtambo, kisha umjulishe mnara. Siku utakapohamia ndege kubwa, Kapteni, utaihitaji kanuni hiyo.

Lakini nimeitaja Überlingen kwa sababu ya hali aliyokuwa nayo mwongozaji. Alikuwa peke yake, mwenzake ameenda kupumzika, jambo ambalo menejimenti ilikuwa imelizoea na kulivumilia. Alikuwa akihudumia vituo viwili kwa masafa mawili tofauti. Mafundi walikuwa wakikarabati mitambo, hivyo onyo la kwenye kioo halikufanya kazi na simu kuu ilikuwa imekatwa. Waongozaji wa Karlsruhe, kituo jirani cha Ujerumani, waliouona mgongano unakuja, walijaribu kumpigia wasimpate. Aliitambua hatari zikiwa zimebaki sekunde 43. Mwaka 2004 aliuawa nyumbani kwake na baba aliyekuwa amepoteza mke na watoto katika ajali hiyo. Mwaka 2007 mahakama ya Uswisi iliwatia hatiani mameneja wanne wa kampuni aliyoifanyia kazi. Haki ilipoketi kwa utulivu, iliwaona waliopanga zamu ile.

Ndiyo maana naiona ile sauti moja ya jioni unayoisikia kuwa habari nzito kuliko hata tukio la futi 8,000. Hilo la mawinguni lilitokea mara moja. Upangaji wa zamu unarudi kila siku. Liripoti nalo, hata siku ambayo hakuna ndege zilizokaribiana: taja saa, idadi ya ndege ulizozisikia, makosa ya kurudia maagizo yaliyopita bila kusahihishwa, na maneno yaliyofunikana kwa watu wawili kubonyeza redio pamoja. Usilidharau hilo la mwisho. Kule Tenerife, kisiwa cha Hispania, tarehe 27 Machi 1977, watu 583 walikufa ndege mbili zilipogongana uwanjani, na sehemu ya maneno ambayo yangewaokoa ilimezwa na mlio wa redio mbili zilizozungumza kwa wakati mmoja. Suala la majina yanayofanana nalo lina dawa nyepesi, kwani kampuni inaweza kuomba ibadilishiwe jina la safari, na hilo linaanzia kwenye dawati la kampuni yako.

Naomba vilevile uwaangalie marubani wenzako. Wengi wetu, baada ya miaka ya kuruka njia ile ile, hurudia maagizo nusu nusu, hukata jina la ndege, na huzungumza mbio kama muadhini aliyechelewa. Mwongozaji aliye peke yake saa kumi na moja na nusu jioni hawezi kumsahihisha kila mmoja. Mkiwasilisha taarifa zenu huku nanyi mmerekebisha redio zenu, mtasikilizwa kwa urahisi zaidi.

SWALI

Kwa heshima na taadhima. Mimi ni mwongozaji wa ndege, mzaliwa wa Mombasa, na kituo changu naomba kisitajwe. Kila mara marubani hutulaumu, ilhali sisi hupewa zamu za usiku mfululizo, na mwenzetu akiugua hatuletewi wa kujaza nafasi yake. Kuna nyakati nahisi nimezidiwa kabisa. Je, naweza kukataa ndege? Na nikikosea bila mtu kujua, nijiripoti?

Mwongozaji, Kisauni

JIBU

Ndugu yangu, pole kwa kazi. Ndiyo, unaweza kuzuia ndege zisikujie kwa wingi usioumudu, na huo ni wajibu wako. Zilizo chini zisubiri zikiwa chini, na injini zisiwashwe hadi utakapoziita. Zinazokuja zipewe mahali pa kuzunguka pamoja na saa ya kutarajia kuendelea, ili rubani apige hesabu ya mafuta yake mapema. Kituo jirani kiambie kwa simu kipunguze mwendo wa kukukabidhi. Rubani aliyeambiwa asubiri dakika kumi atanung'unika, mvumilie.

Kuhusu uchovu, tangu mwaka 2020 Kiambatisho cha 11 kinazitaka nchi ziwe na kanuni za kudhibiti uchovu wa waongozaji: ukomo wa saa za kazi, mapumziko kati ya zamu, na ukomo wa siku za kazi zinazofuatana. Kwa hiyo malalamiko yako yana msingi wa kisheria, na hayapaswi kubaki kwenye chumba cha chai. Omba kuiona kanuni ya nchi yako na uilinganishe na orodha ya zamu iliyobandikwa ukutani.

Ama kujiripoti, nakushauri ufanye hivyo, na ufanye kabla hujaulizwa, kwa kuwa mifumo ya hiari humlinda zaidi aliyetangulia kusema. Mwombe msimamizi akutoe kwenye kituo kwa muda baada ya tukio. Ni desturi ya kawaida katika vituo vingi na si adhabu, kwani mtu aliyetoka kukosea huendelea kulifikiria kosa lake huku ndege nyingine zikimngoja. Andika saa uliyoingia zamu, mapumziko uliyopata, idadi ya ndege ulizokuwa nazo na nani hakuwapo, kisha uikabidhi kwa afisa wa usalama wa kituo, na nakala ubaki nayo.